Siku Moja katika Ziwa la Jangwani

Sisi watu wa pwani tuna kiburi kimoja ambacho hatukikiri hadharani: tunaamini kwamba mtu aliyezaliwa na kulelewa kando ya bahari hana la kufundishwa kuhusu samaki na mtu wa bara. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alikuwa mvuvi wa mshipi, na nilijua kufunga ndoana kabla sijajua kuandika jina langu. Kiburi hicho nilisafiri nacho hadi Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, na huko nikavuliwa na kijana wa miaka kumi na sita, mbele ya ziwa ambalo nilikuwa sijapata hata kulisikia.

Kijana huyo ni mpwa wangu. Dada yangu na mumewe walihamia Phoenix mtoto akiwa na miaka mitano. Shemeji ni dereva wa malori ya masafa marefu na hukaa barabarani wiki mbili au tatu kwa mkupuo. Dada yangu anafanya kazi ya zamu za usiku. Nilipokwenda kuwatembelea mwezi wa Desemba, usiku wa pili tu baada ya kufika, dada alinikalisha jikoni akaniambia jambo lililokuwa likimkaa kifuani.

“Kaka,” alisema, “huyu mtoto kanyamaza. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, maneno mawili, kisha huyo chumbani. Sijui kama anasali. Mimi natoka kazini yeye yuko shule, narudi kulala yeye anarudi nyumbani. Kaa naye wewe, pengine mjomba atamsikia.”

Nilimuuliza mtoto anapenda nini. Akacheka kwa uchungu, akasema, “Samaki. Kila pesa anayoipata ananunulia ndoana.”

Basi nilijua pa kuanzia. Au nilidhani najua.

Jumamosi iliyofuata tulisali Alfajiri nyumbani, tukaingia garini sote watatu: dada kwenye usukani, mimi ubavuni mwake, kijana nyuma pamoja na fimbo zake za kuvulia. Tulikuwa tumekwishakata leseni, kwa kuwa katika jimbo lile hata mtoto aliyetimiza miaka 10 haruhusiwi kuvua bila ya leseni, na kanuni za idadi ya samaki ambao mtu anaweza kuwachukua hupaswa kusomwa upya kila mwaka. Tulielekea kaskazini-mashariki, na kwa saa moja na nusu hivi gari lilipanda na kushuka milima ya mawe mekundu iliyojaa madungusi marefu yaitwayo saguaro, yaliyosimama na mikono yao juu kama watu waliokuwa wakiomba dua na kusahau kuishusha. Hapakuwa na mto, wala kijani cha kumwambia mtu kwamba maji yako karibu. Kisha barabara ikapinda, tukavuka daraja la chuma la rangi ya buluu lililojengwa kama upinde, na chini yetu yakatandazika maji mpaka macho yakachoka.

Hilo ndilo Ziwa la Theodore Roosevelt. Halikuumbwa hivyo tangu mwanzo. Ni bwawa lililozuiwa na ukuta wa mawe ya kuchonga katika Mto Salt, mahali unapokutana na kijito kikubwa cha Tonto. Ukuta ulikamilika mwaka 1911, ukiwa na urefu wa kwenda juu wa mita 85 hivi, na wakati huo ulikuwa miongoni mwa kuta ndefu zaidi za mabwawa ya mawe duniani. Mwaka 1996 ulimalizwa kuongezwa kwa zege hadi kufikia mita 109. Waapachi wengi, wenyeji wa ardhi ile, ndio waliofanya kazi ngumu ya kuchonga barabara ya milimani iliyopitishia vifaa vya ujenzi. Rais mstaafu Roosevelt mwenyewe alikuja kuuzindua mwezi Machi 1911. Msomaji wa Afrika Mashariki atavutiwa kujua kwamba mtu huyohuyo, miaka miwili tu kabla, mwezi Aprili 1909, aliteremka kwenye bandari ya Mombasa na kuingia bara kwa safari yake mashuhuri ya kuwinda wanyama.

Juu ya ziwa, upande wa kusini, kuna mapango yenye nyumba za udongo na mawe. Waliozijenga ni watu ambao wataalamu wa mambo ya kale wanawaita Wasalado, waliokaa bondeni humo katika karne za 13, 14 na mwanzoni mwa ile ya 15, wakachimba mifereji, wakalima mahindi na pamba, kisha wakaondoka. Mashamba yao mengine sasa yamo chini ya maji. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia, na mahali pale mtu halazimiki kutembea sana.

Tulishuka ufukweni kama saa mbili na nusu asubuhi. Nyumbani Desemba ni mwezi wa kaskazi na jasho; pale pumzi ilitoka mdomoni kama moshi. Dada alibaki kwenye meza ya mbao na chupa ya chai na mandazi, amejifunika kanga juu ya koti. Mimi nikaketi juu ya jiwe, nikafunga chubwi na ndoana, nikatia minyoo tuliyoinunua dukani, nikarusha mbali kadiri mkono ulivyoweza, nikasubiri. Ndivyo nilivyofundishwa: chambo kizuri, mshipi mbali, subira.

Mpwa wangu alinitazama, hakusema kitu. Yeye hakurusha. Alitembea polepole ufukweni, akitazama mawe, akitazama mlima ulivyoingia majini, akiuangalia mstari mweupe uliobaki juu ya mwamba kuonyesha mahali maji yalipofika mwaka wa mvua nyingi. Alinikumbusha baba yangu, aliyekuwa akisimama mchangani robo saa nzima kabla ya kuisukuma ngalawa. Hilo lilinishitua kidogo, lakini sikusema.

Saa tatu zikapita. Mimi sikupata kitu. Yeye hakupata kitu. Nikaanza kumnong'ona moyoni: mtoto huyu anacheza.

Jua lilipokuwa karibu kufika kichwani, niliiweka fimbo chini, nikamwita. “Njoo unifundishe,” nikamwambia. “Bahari yangu haina jiwe hata moja linalofanana na haya.”

Sikujua kwamba sentensi hiyo ilikuwa na thamani kuliko mawaidha yote niliyoyaandaa ndani ya ndege. Kijana alikaa chini. Akaanza kwa Kiingereza, nikamsihi aseme kwa Kiswahili kwa sababu masikio yangu ni mazito. Akacheka, akaanza upya, pole pole, akitafuta maneno kama mtu atafutaye vitu gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Samaki tuliokuwa tukimtafuta anaitwa besi. Wako wa aina mbili katika ziwa lile: wa mdomo mpana, ambaye taya lake la juu linapita nyuma ya jicho, na wa mdomo mdogo, ambaye taya lake haliliziditi jicho. Si mzaliwa wa jangwa. Asili yake ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, na huko Arizona aliletwa na watu. Nilimwambia kwamba hata Kenya yupo: alipelekwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Kijana akafikiri kidogo, akasema, “Kumbe kila mahali ni mgeni. Kama sisi.”

Damu ya samaki, aliniambia, haina joto lake yenyewe. Mwili wake huwa na joto la maji yalivyo. Katika kiangazi cha jangwa huchakarika, hukimbiza chakula hata juu ya maji. Maji yakipoa, chakula kinakaa tumboni siku nyingi bila kusagika, na samaki haoni sababu ya kusafiri. Hivyo minyoo yangu niliyoitupa mahali pasipo na samaki ingekaa hapo mpaka ioze, kwa sababu hakuna besi ambaye angetoka kwake kuifuata. Wakati wa baridi ni lazima umfuate alipo, umpitishie chambo mbele ya mdomo, na ukipitishe taratibu mno.

“Na yuko wapi?” nikamuuliza.

Akaninyooshea kidole. Pale ambapo mlima unaingia majini kwa mteremko mkali, samaki anaweza kupanda na kushuka kina kirefu bila kusafiri mbali. Mawe makubwa yanayopigwa na jua la mchana hupasha maji yaliyo jirani, na nyuzi moja au mbili kwa samaki ni tofauti kubwa. Vichaka vilivyoota ufukweni miaka ya ukame kisha vikafunikwa na maji ni nyumba yake nyingine. Na wanapopita wale samaki wadogo wa jamaa ya dagaa, ambao ndio chakula chake kikubwa, yeye hawi mbali. Asubuhi yote alikuwa akiyasoma hayo, na akisubiri jua lifanye kazi yake.

“Huyu ni chewa,” nikasema. “Chewa wetu wa Tanga ndivyo anavyokaa: pangoni, mdomo wazi, anangoja riziki ipite.”

“Chewa,” akarudia. Na kisha akaniuliza maneno mengine. Nikampa: mshipi, ndoana, chambo, chubwi, dema, bamvua, maji mafu. Kila neno alilisema mara mbili kabla ya kuendelea.

Wakati wa Adhuhuri uliingia. Tulitawadha ziwani, na maji yale yalikuwa ya baridi hata vidole vikauma. Tukiwa wasafiri, tulikusudia kukusanya na kupunguza. Nikatandika mkeka, nikaelekea kaskazini moja kwa moja kama nilivyofanya maisha yangu yote, maana sisi wa Tanga tuna Makka karibu sawasawa na kaskazini.

“Siyo huko, mjomba,” akasema mpwa wangu kwa upole. “Ni pale.” Akaugeuza mkeka kidogo kuelekea kulia, kaskazini-mashariki, ng'ambo ya ziwa, kwenye safu ya milima iitwayo Sierra Ancha. “Nikivua hapa nasali kuelekea lile bonde lililo kati ya vile vilele. Ziwa jingine tunalokwenda na rafiki zangu, natazama mnara wa umeme.”

Nilimtazama. Dada yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na kanga yake, naye alimtazama. Hakuna aliyesema neno. Nilimwashiria kijana atangulie, atusalishe, na akatusalisha, rakaa mbili na rakaa mbili, kwa sauti isiyosikika, na nyuma yangu nilimsikia dada yangu akivuta pumzi kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo akautua.

Ndugu msomaji, sisi wazazi na walezi mara nyingi hatuoni kwa sababu tumeamua mapema pa kutazama. Dada yangu alikuwa akitafuta sala ya mwanawe katika nyumba ambayo wawili hao hawakutani. Ilikuwa kando ya maji, mbele ya mlima.

Saa nane mchana jua lilikuwa limekaa vizuri juu ya mawe. Kijana alinipa fimbo yake, yenye mshipi mwembamba kwa sababu maji yalikuwa maangavu, na chambo bandia cha mpira laini, umbo la mnyoo. Akaniambia nikiache kizame mpaka mshipi ulegee, kisha nikivute shibiri moja, nikihesabu kumi, nikivute tena. “Usingoje kung'atwa kwa nguvu,” akasema. “Wakati wa baridi hang'ati. Mshipi unakuwa mzito tu.”

Hilo nililielewa, maana pweza hufanya hivyohivyo. Mara ya tano au ya sita mshipi ukawa mzito. Nikainua, na uzito ule ukaanza kutembea.

Sitasimulia mapambano, kila mvuvi ana ya kwake na hakuna anayeamini ya mwenziwe. Yatosha kusema kwamba alipofika karibu alikuwa jike wa mdomo mpana, wa kijani iliyoiva na mstari mweusi ubavuni, kwa makisio ya mkono wangu zaidi ya kilo mbili. Tayari nilikwisha kumwona kwenye sahani, na picha yake nimekwisha kuituma Tanga.

“Mjomba,” kijana akasema, “huyu tumrudishe.”

Hapo tukagongana. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nimeona picha za samaki aliowavua na kuwarudisha, na jambo hilo lilinikera. Nilimwambia kwamba kwetu samaki ni riziki, si mchezo. Mawindo ya majini tumehalalishiwa, katika Suratul Maida, ili yawe chakula chetu na manufaa kwa wasafiri. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya kuchezea, na sote tunalijua lile simulizi la mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Basi kumtoboa samaki mdomo, kumpiga picha na kumwachia ili mtu astarehe tu, kwa kipi?

Kijana hakuinamisha kichwa. Alimweka samaki ndani ya maji, akimshika taya kwa vidole viwili, mikono yake ameilowesha kwanza ili asiuchubue ute unaomkinga na maradhi. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokota. Jike huyu, alisema, ameanza kubeba mayai. Maji yakifika nyuzi kumi na tano au zaidi, atataga, na jike mkubwa hutaga mengi kuliko mdogo. Tena samaki anayekula samaki wenzake, kadiri anavyozeeka ndivyo zebaki inavyorundikana mwilini mwake, na yako maji katika jimbo lile ambayo wakuu hutoa tahadhari juu ya kula samaki wake, hasa kwa wajawazito na watoto. “Wa kula ni wadogo,” akasema. “Huyu tukimla tunakula sifa tu.”

Neno hilo la mwisho lilinipata pabaya, kwa sababu lilikuwa kweli. Mimi niliyekuwa nikihubiri juu ya mchezo, ndiye niliyemtaka yule samaki kwa ajili ya picha.

Mimi si mufti, na najua kwamba wanazuoni wa zama hizi wamelizungumzia suala la kuvua na kuachia, na hawakukubaliana kwa neno moja. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake. Nitaeleza tu tulivyopatana, mjomba na mpwa, miguu yetu ndani ya maji baridi. Tutavua kwa nia ya kula. Tunayemrudisha, tutamrudisha kwa sababu: ni mdogo mno, au ni mzazi, au kanuni imekataza. Ndoana tutaibana kile kijimwiba chake kwa koleo ili itoke bila ya kurarua. Na tukishapata kitoweo cha siku ile, tutakunja mishipi yetu, hata kama samaki wangali wanakula, kwa sababu kinachozidi hapo ndicho mchezo. Sharti hili la mwisho nililitoa mimi, na niliona lilivyomgusa, maana kwa kijana hakuna amri ngumu kuliko kuacha jambo wakati linapendeza. Alinyamaza kitambo, akasema, “Sawa, mjomba.”

Akafungua vidole. Yule jike alisimama kidogo, kama asiyeamini, kisha akaushusha mwili wake taratibu katika kina akatoweka.

Kabla ya saa tisa na nusu kijana alikuwa amekwisha kupata wawili wa mdomo mdogo, akawapima kwa rula na kuwalinganisha na kanuni. Wa tatu alimgusa chambo alipokuwa akikunja. Niliona fimbo ikitikisika, na nikamwona akinitazama. Aliendelea kukunja.

Tuliondoka jua likiwa linazama na milima imegeuka rangi ya zambarau. Usiku ule dada yangu hakuwa na zamu. Aliwakaanga wale wawili kwa kitunguu saumu, chumvi na ndimu, akawapika na ugali, na kwa kuwa samaki walikuwa wadogo tulikula tukiachiana vipande. Nyama yake ni nyeupe na haina shombo. Kijana alikula mezani, hakubeba sahani yake kwenda chumbani. Alimweleza mama yake jinsi mjomba alivyotupa minyoo saa tatu mahali pasipo na samaki, na alipokosa neno alinigeukia nimpe.

Alipokwenda kulala, dada alinimiminia chai, akakaa mbele yangu kama usiku ule wa kwanza.

“Kaka,” akasema, “ulimwambia nini huyu mtoto?”

“Sikumwambia kitu,” nikamjibu. “Nilimwomba anifundishe kuvua.”